Kikombe cha Mkamwana

Jina la Mchuchuma, likitamkwa mbele ya mtu wa Unguja asiyewahi kufika wilaya ya Ludewa, humtia tabasamu kabla halijamtia fikra. Sikio la Pwani haliwezi kujizuia kusikia ndani yake tendo la kuchuchumaa: mtoto aliyechuchumaa mbele ya jiko akipuliza moto, mvuvi aliyechuchumaa ufukweni juu ya wavu wake uliochanika, mgeni aliyechuchumaa ukumbini kwa kuwa jamvi limejaa. Jina hilo ni la nyanda za juu, la nchi ya Wapangwa na Wamanda, na kulipachika kitenzi cha Pwani ni mchezo wa sikio tu. Lakini mchezo huo ndio mlango wa jambo linalojadiliwa hapa. Mtu akikabidhiwa neno asilolijua hulifinyanga mpaka lilingane na kitu alichonacho nyumbani, naye hufanya hivyo bila kuomba ruhusa kwa Baraza la Kiswahili.

Kwa wasomaji wengi wa visiwani Mchuchuma ni habari ya magazetini. Ni makaa ya mawe yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428, yakiandamana kila mara na chuma cha Liganga, jirani yake, kinachokadiriwa kufikia tani milioni 126. Mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini mwaka 2011 baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, mwaka mmoja kabla ya mkoa wa Njombe kumegwa kutoka Iringa. Zaidi ya miaka kumi ikapita mradi ukiwa, kwa lugha ya Pwani, umechuchumaa. Mwaka 2023 Serikali ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 15 kuwa fidia kwa wananchi ambao taarifa rasmi ziliwaita “waliopisha mradi”.

Neno hili kupisha linastahiki kutazamwa kwa jicho la mhakiki, maana limefanya kazi kubwa kwa unyenyekevu mno. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe anayesukuma gari la mizigo hupiga ukelele wa kutaka apishwe, na mpita njia hujibana ukutani, gari likapita, naye akaendelea na safari yake. Hiyo ndiyo maana ya kupisha: ni adabu ya njia nyembamba, na sharti lake ni kwamba aliyepisha atairudia njia ileile baada ya muda mfupi. Aliyeondoka kwenye shamba la babu yake ili makaa yachimbwe hakupisha kwa maana hiyo. Neno limekopwa kutoka katika adabu ya watu wawili wanaokutana uso kwa uso, likavishwa jambo ambalo upande mmoja haurudi. Si neno baya. Ni neno lililotungwa ofisini na mtu mwenye nguvu, na kama ilivyo desturi ya maneno ya namna hiyo, limeifanya nguvu yenyewe isionekane.

Kuna maneno mengine yanayotungwa kwa njia iliyo kinyume na hiyo. Karibu kila nyumba ina msamiati ambao jirani hauelewi: jina la mwiko wa kupikia lililozuliwa na mtoto aliyekuwa hajui kutamka, fumbo la kumtajia baba hasira zake akiwa amekaa hapohapo, neno la kuambiana kuwa mgeni asikaribishwe chakula kwa kuwa sufuria imebaki tupu. Wataalamu wakiyakuta huyatia katika fungu la misimu, pamoja na lugha ya vijiweni na ya makondakta. Fungu hilo si lake. Neno la kijiweni hutungwa ili lienee. Anayelitunga hufurahi likisikika Tandika leo na Tanga kesho. Neno la nyumbani hutungwa ili libaki. Na tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya mtungaji. Ukiyachunguza maneno ya nyumbani mojamoja na kuuliza nani aliyelianza, aghalabu utafikishwa kwa yule mwenye sauti ndogo kuliko wote katika nyumba ile: bibi harusi aliyeletwa juzi, mtoto, au mama aliyekesha peke yake na mgonjwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote katika Tanzania hauko mbali na Mchuchuma. Masimulizi ya Wanyakyusa, wanaokaa upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, husema kwamba watawala wao wa kale walishuka kutoka milima ya Ukinga, ambayo leo imo ndani ya mkoa huohuo wa Njombe. Katika jamii hiyo mke aliyeolewa hulazimika kumwepuka baba mkwe wake. Monica Wilson, aliyekaa nao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi mwanamke alivyokuwa akiiacha njia na kujifunika nguo pindi amwonapo mzee yule kwa mbali. Msomaji aliyekaa na neno kupisha tangu mwanzo ataona kwamba hapa limepata maana yake kamili: mwanamke anatoka njiani, mzee anapita, mwanamke anarudi. Mzee naye alichunga upande wake.

Lakini kuepukana kwa macho kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ya ulimi. Mkamwana hakuruhusiwa kulitaja jina la baba mkwe, wala maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti. Lugha iliyozaliwa na katazo hili huitwa ingamwana, na msomaji wa Pwani hahitaji kamusi kuisikia ndani yake mkamwana, jina la Kiswahili la mke wa mwana. Stefanie Kolbusa aliiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Bayreuth mwaka 2000. Kwa maneno yaliyokatazwa wanawake waliweka mengine: waliyanyumbua kutoka vitenzi, waliyakopa kwa majirani, waliyaeleza kwa mafumbo, au walilichukua neno la kitu kimoja wakakipa kitu kingine.

Ukubwa wa kazi hiyo hauonekani mpaka ijaribiwe kwa lugha ya mtu mwenyewe. Basi na ichukuliwe nyumba ya kubuni katika shamba lolote la Unguja au Pemba, na baba mkwe aitwe Kombo, jina lisilo adimu visiwani. Bibi harusi anaamka asubuhi ya kwanza, na kabla hajafika jikoni amekwisha kunyang'anywa kikombe. Hana budi kusema kinyweo. Chakula kilichobaki jana hakiwezi kuwa makombo, kitakuwa kilicholala. Kombamwiko akipita ukutani, mwanamke huyu atapiga ukelele kama wanawake wenziwe, ila atamwita mgeni wa kabatini. Yule mnyama wa usiku anayelewa tembo juu ya mnazi hawi komba tena, atakuwa mlevi wa minazini. Mambo yakienda kombo yataenda upogo. Mtoto akiugua, na mwalimu wa chuoni akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani ili zioshwe na kunywewa, mama hataomba kombe, ataomba maji ya zafarani. Na akisimama kuomba dua, Mola hatamwomba akomboe, atamwomba afungue. Jina moja la mzee mmoja limempokonya chombo cha kunywea, chakula, mdudu, mnyama, dawa na nusu ya dua yake, naye kabla ya adhuhuri amekwisha kuvirudisha vyote kwa majina mapya.

Nyumba ya pili, baba mkwe ni Vuai au Makame, na mke wa pale ana mapengo mengine na viraka vingine. Wake wawili wakikutana kisimani kila mmoja ana kamusi yake, na kila mmoja humwelewa mwenziwe, kwani anajua kilichomfika. Watoto wao hukua na ndimi mbili katika chumba kimoja: baba anaagiza kikombe, mama analeta kinyweo, mtoto hashangai. Ni kweli kwamba katika ingamwana baadhi ya maneno mbadala yalizoeleka yakawa ya wengi. Hilo halipunguzi kitu. Nayo mashairi yana maneno yaliyozoeleka, na mshairi hahesabiwi mvivu kwa kuyatumia.

Wapenzi wa ushairi wa Pwani wamezoea kusikia kwamba vina na mizani ni kamba inayomfunga mshairi, na wengine wamezoea kujibu kwamba kamba hiyo ndiyo inayomfundisha kuruka. Mjadala huo ulipamba moto katika miaka ya 1970, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 kikiwa na tungo zisizofuata kaida, na hadi leo haujapoa sawasawa. La ajabu ni kwamba pande zote mbili ziliutafuta mfano wao vitabuni. Hakuna aliyemtaja mkamwana, ambaye amefungwa kwa kamba kali kuliko kina chochote. Mshairi aliyekosa kina cha mwisho hulibadilisha shairi au huliacha mpaka kesho, ilhali mkamwana hawezi kuiacha chai mpaka kesho. Lazima neno lipatikane maji yakichemka, na lazima lieleweke mara ya kwanza. Kwa kipimo chochote cha ufundi, neno kama mlevi wa minazini ni sitiari iliyokomaa, nayo imetungwa na mtu ambaye hakuna aliyemwita malenga.

Athari za wanawake hao hazikuishia jikoni. Kusini mwa Afrika, miongoni mwa Waxhosa na Wazulu, ipo desturi ya jinsi hiyohiyo iitwayo hlonipha. Wanaisimu kadhaa wamedai kwamba zile sauti za kupiga ulimi, ambazo asili yake ni lugha za Wakhoi na Wasan, zilipata njia ya kuingia katika lugha za Kibantu za huko kwa vinywa vya wake waliohitaji sauti ngeni za kukwepea majina ya wakwe. Ikiwa dai hilo ni la kweli, basi sauti ambayo ulimwengu mzima huitambua kuwa ni Kixhosa ni urithi wa wake waliokatazwa kusema. Hakuna chuo wala baraza la lugha linaloweza kujivunia kazi ya kiasi hicho.

Msomaji wa visiwani asiyatazame haya kama mambo ya bara. Mke wa Pwani wa heshima zake hamwiti mumewe kwa jina mbele za watu; humwita baba wa fulani, au mwenyewe, na kila mtu anamjua mwenyewe ni nani. Kanga nayo ni ndimi za wasiosema: mwenye neno na wifi yake hununua doti, akajifunga na kupita mbele ya mlango, na akiulizwa husema alipenda rangi. Hata lugha iitwayo sanifu imejaa maneno yaliyotoka vyumbani mwa wanawake, yakapanda taratibu mpaka yakakaa katika vyeti vya hospitali. Mja mzito, kujifungua, kuvunja ungo: hakuna kamati iliyoyatunga. Neno dede, la mtoto anayesimama kwa mara ya kwanza huku anayumba, limo kamusini leo na hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa sauti ya kumchezea mtoto.

Baada ya mkamwana anafuata mtoto, na hapa Unguja ina hati yake ya zamani. Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliieleza namna ya kusema iitwayo kinyume. Kanuni yake ni fupi: silabi ya mwisho huletwa mwanzo. Nyumba ikawa mbanyu, kitanda kikawa ndakita, chakula kikawa lachaku. Watoto na wasichana waliozoea waliweza kusimuliana mambo yao mbele ya wakubwa kwa kasi isiyoshikika. Wengi wameitaja kinyume kuwa ni mchezo, wakaishia hapo, na ni hasara, kwa kuwa kanuni ile ina jambo la kuchekesha ndani yake. Kijaribu kinyume kwa watu wa nyumbani. Mjomba anakuwa mbamjo, shangazi anakuwa zishanga, mwalimu anakuwa mumwali, wote wamefichika vyema. Kisha mgeuze baba: anabaki baba. Mama ni mama. Bibi, kaka, dada, kila mmoja akipinduliwa hutua kwa miguu yake palepale. Kati ya watu wa karibu ni babu peke yake anayegeuka, akawa buba. Mtoto aliyeitunga lugha ya kujificha alijikuta na kanuni inayomficha kila mtu isipokuwa wale hasa aliotaka wasisikie wakitajwa. Basi hakuwa na la kufanya ila kuwatungia watu hao majina mengine kabisa, na hapo ndipo kinyume, ambayo ni mali ya mtaa mzima, ilipopasuka ikawa lugha ya nyumba moja moja.

Sifa hizi zote zina upande wake wa kiza, na mhakiki anayeuficha anawadanganya wasomaji. Ingamwana inapendeza masikioni mwa asiyeibeba. Mzigo wa kukumbuka, wa kusita kila sentensi, wa kuishi miaka mingi kwa hofu ya ulimi kuteleza, ulikuwa wa mwanamke, na mzee aliyeheshimiwa hakutunga hata neno moja. Kuusifu ufundi uliozaliwa na katazo hakulihalalishi katazo lenyewe. Na yapo maneno ya nyumbani ambayo ubaya wake ulikuwa mzito kuliko usumbufu wa jikoni.

Degedege ni mojawapo. Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kugeuza macho, mama wa Pwani alikataa kuuita ugonjwa kwa jina ambalo lingeuita urudi. Alisema amepitiwa na dege, ndege mkubwa wa usiku. Ni picha ya kutisha na ni sahihi kwa namna yake: kivuli kinapita juu ya paa na mwili wa mtoto unashtuka. Neno hilo lilitoka vyumbani likaenea nchi nzima, na leo hata wauguzi hulitumia. Lakini watafiti waliofanya kazi wilaya ya Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria, wakaiona maradhi ya namna nyingine yenye waganga wake, na mtoto akachelewa kufikishwa hospitali. Baadhi waliamini kwamba sindano ingemdhuru zaidi. Neno lililotungwa kwa huruma ili kumkinga mtoto lilisimama kati yake na dawa. Huwezi kumlaumu mama aliyelitunga. Alikuwa peke yake usiku na hakuwa na kingine cha kumfunika mwanawe. Lakini ni lazima isemwe kwamba kutotaja kuna gharama, na kwamba uzuri wa neno haukupunguza hata homa moja.

Kwa sababu hiyohiyo hukumu juu ya washairi wa leo haina budi kuwa na pande mbili. Wapo wanaodhani kwamba uzito wa shairi ni idadi ya maneno ambayo msomaji atayatafuta kamusini. Huchimba tenzi za kale, wakatoka na msamiati ambao nyanya zao wenyewe hawakuutumia, ilhali neno walilofundishwa na nyanya huyo jikoni wameliona si la kuandikwa. Wapo pia, na hawa ni vijana zaidi, wanaodhani wameisikia sauti ya umma kwa kuwa wameiandika lugha ya mitaani. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliokusanya lugha hiyo nchini Tanzania walichapisha kazi nono mwaka 2006, nayo inaonyesha ubunifu mkubwa usio na shaka. Hata hivyo anayezisoma orodha za maneno yale atasikia humo zaidi sauti za vijana wa kiume waliosimama nje: pesa, wasichana, polisi, magari, ulevi. Ndani ya nyumba hamsikiki. Daladala ilipata jina lake kwa kuwa nauli ya shilingi tano iliitwa dala, na habari hiyo imesimuliwa na kila mwandishi. Jina ambalo mke alimpa mumewe anayerudi na daladala ya mwisho akiwa mikono mitupu, hilo halimo katika kitabu chochote.

Aliyekaribia kuliko wengi ni Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021. Yeye hakupitia skuli. Alikuwa mtu wa bahari na wa kazi za mikono, na diwani yake Kimbunga ilitoka mwaka 1994. Jambo la kumtazamia si mashairi peke yake. Mshairi yuleyule alikaa akakusanya maneno ya Kitumbatu, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar likaichapisha kamusi yake. Maneno ya kisiwa kidogo yalipata mlinzi aliyejua yanavyotumika kinywani. Lakini hata kamusi hiyo ni ya kisiwa, si ya chumba. Neno linalojulikana na watu watano haliingii kamusini kwa sheria yoyote ya taaluma, wala halistahili kuingia. Likichapishwa na kuelezwa kwa watu wote, kazi yake ya kuwa la watu watano imekwisha.

Basi mahali pake ni wapi? Si kila swali la namna hii lina jibu la taasisi. Kumbukumbu za Ludewa zenyewe zinaonyesha kinachoweza kuandikwa na kisichoweza. Hans Stirnimann, mtafiti wa Kiswisi, aliwaandikia Wapangwa vitabu vyenye uzito katika miaka ya 1970, akieleza maisha yao na ufundi wao, na mwaka 1983 akatoa sarufi ya lugha yao. Kutokana na kazi kama hizo mtu anaweza kujua kitenzi cha Kipangwa kinavyonyumbuliwa. Liganga, ambalo magazeti huliandika kama jina la hazina, katika lugha kadhaa za nyanda hizo ni jiwe tu, neno ambalo mama huweza kumwambia mtoto aliyejikwaa. Mthamini wa fidia huhesabu nyumba, miti, mazao na makaburi, na ni haki ahesabu. Nyumba ikivunjwa na ndugu wakatawanyika, mmoja Njombe mjini, mmoja Makambako, mmoja Dar es Salaam, lile neno la watu watano linabaki na mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja hawezi kulitumia. Hakuna safu ya fomu inayoweza kulipokea, na anayedai iwepo hajaelewa neno lenyewe ni la namna gani.

Ila kuna jambo ambalo wapenzi wa lugha za nyanda za juu hulisahau wanapokilaumu Kiswahili kwa kuzimeza. Mkamwana aliyezuiwa neno la kwao alikuwa na njia moja rahisi kuliko zote, nayo ni kukopa. Kiswahili kilipofika katika milima ile kililetwa na askari, na wamishenari, na walimu, hayo yameandikwa. Haiwi mbali kudhani kwamba kiliingia pia kwa mlango wa jikoni, kikichukuliwa na mwanamke aliyehitaji haraka neno lisilofanana na jina la mkwewe, naye akalikuta kwa mchuuzi wa chumvi. Kwake Kiswahili hakikuwa lugha ya serikali. Kilikuwa ghala la maneno ambayo hayakuwa na jina la mzee wa mtu yeyote ndani yake.

Ghala hilo sasa limehamia upande wa majina. Ubatizo umeleta majina yasiyo na maana katika lugha za huko, na mzee aitwaye Petro au Yohana hakuna kitu cha jikoni kinachofanana naye. Mke aliyeolewa leo katika nyumba hiyo anaweza kulitii katazo maisha yake yote bila kupoteza hata neno moja. Anaagiza kikombe, analetewa kikombe, na watoto wake wanajua jina moja tu la chombo kile.